Bitiruti kwa Mkimbiaji: Kipimo, Muda na Namna ya Kujipima Mwenyewe

Kwetu bitiruti inajulikana kwanza kwa jambo moja, nalo ni kuongeza damu. Mama mjamzito akitoka kliniki na kusema ameambiwa damu imepungua, kabla hajakaa kitini jirani ameshaleta jagi la juisi nyekundu. Wakimbiaji nao wamerithi imani hiyo: damu nyingi, pumzi nyingi, mbio nyepesi. Naanza na imani hii kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wengi wanywe bitiruti kwa namna isiyowasaidia kabisa wanapokimbia. Bitiruti ina madini ya chuma kidogo, chini ya miligramu 1 katika gramu 100, na wekundu wake hauhusiani na wekundu wa damu. Unatokana na rangi za mimea ziitwazo betalaini. Mwenye upungufu wa damu anahitaji kupimwa na kutibiwa, si kuongezewa glasi ya pili.

Kinachomfaa mkimbiaji katika bitiruti ni nitrati, kitu kisicho na rangi wala harufu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walilionyesha hilo mwaka 2011 kwa njia iliyonifurahisha nilipoisoma. Waliwapa wanaume 9 nusu lita ya juisi ya bitiruti kwa siku, kisha kwa kipindi kingine wakawapa juisi ileile iliyopitishwa kwenye chujio maalumu linaloondoa nitrati peke yake. Rangi ilibaki, ladha ilibaki, sukari ilibaki. Walipokunywa juisi yenye nitrati, miili yao ilitumia oksijeni kidogo zaidi kwa kasi ileile ya kukimbia, na waliweza kukimbia kwa kasi kali kwa muda mrefu zaidi kwa takriban asilimia 15 kabla ya kuishiwa nguvu. Juisi iliyoondolewa nitrati, pamoja na wekundu wake wote, haikuwafanyia kitu. Kwa hiyo katika mwongozo huu wote swali ni moja tu: ni miligramu ngapi za nitrati zimekufikia, na zimekufikia saa ngapi?

Safari ya nitrati kutoka glasi hadi msuli

Ni vizuri kuielewa safari hii, maana kila kosa nitakalolitaja huko mbele linatokea katika kituo kimojawapo cha njiani. Ukishameza juisi, nitrati hufyonzwa utumboni na kuingia kwenye damu. Karibu robo yake hunaswa na tezi za mate na kurudishwa mdomoni. Huko, hasa sehemu ya nyuma ya ulimi, wamo bakteria ambao huigeuza nitrati kuwa nitriti. Kazi hiyo seli zetu wenyewe haziiwezi vizuri. Unameza mate, nitriti inashuka tumboni na kuingia kwenye damu, na inapofika mahali penye uhaba wa oksijeni, kama ndani ya msuli unaopandisha mlima, inageuka kuwa oksidi ya nitriki. Hiyo ndiyo gesi ambayo Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kugundua kwamba hutumika kama ishara ya kupanua mishipa ya damu. Kwa mkimbiaji matokeo yake ni mawili: mishipa inalegea na damu inapita kwa wepesi, na msuli unafanya kazi ileile kwa gharama ndogo zaidi ya oksijeni.

Mzunguko huu wote huchukua muda. Kiwango cha nitriti katika damu hufika kileleni saa 2 hadi 3 baada ya kunywa, hubaki juu kwa saa kadhaa, kisha baada ya siku nzima huwa kimerudi kilipokuwa. Anayekunywa akiwa tayari amefunga kamba za viatu amechelewa.

Hatua ya kwanza: jiulize kama wewe ndiye unayehusika

Asilimia 15 niliyoitaja ndiyo inayobebwa na matangazo ya biashara, na inapotosha. Ni asilimia ya muda ambao mtu anavumilia kasi moja kali kabla ya kushindwa, wala si ya muda wa kumaliza mbio. Ukiitafsiri kwa saa ya mwamuzi mwishoni mwa mbio, unazungumzia asilimia 1 hadi 3, na hata hiyo si kwa kila mtu. Kwa anayekimbia kilomita 5 kwa dakika 25, asilimia 1 ni sekunde 15. Sekunde 15 si haba, lakini pia si muujiza, na mtu anayelala saa 5 kwa usiku na kufanya mazoezi mara moja kwa wiki atazipata kwa njia nyingine rahisi zaidi.

Wanaonufaika zaidi ni wakimbiaji wa kawaida, wale wa klabu za jogging na wanaokimbia kwa afya, katika juhudi kali za dakika 5 hadi 30 hivi. Kadiri mtu alivyozoezwa zaidi ndivyo faida inavyofifia. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada waliwajaribu wakimbiaji 8 wa ngazi ya juu wa mita 1500. Kwa wastani hawakuongeza kasi hata kidogo, ingawa wawili kati yao walikimbia vizuri zaidi. Mwaka 2015 wanaume 10 waliozoezwa vizuri walipimwa kwenye kilomita 10 katika hewa iliyopunguzwa oksijeni iwe kama ya mita 2500, ambao ni karibu mwinuko wa Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, na bitiruti haikuwasaidia. Nalisema hili wazi kwa sababu vijana wengi wakimwona bingwa wa Eldoret na chupa nyekundu huamini kwamba chupa ndiyo iliyombeba. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa, katika tamko lake la mwaka 2018 kuhusu virutubisho vya ziada, iliiweka nitrati miongoni mwa vichache vyenye ushahidi mzuri, pamoja na kafeini na kreatini. Lakini tamko hilohilo linaeleza kwamba kwa wanariadha waliozoezwa sana faida ni ngumu zaidi kupatikana. Tuongeze pia kwamba tafiti nyingi zimefanywa kwa wanaume vijana, hivyo mwanamke anayesoma hapa ana sababu zaidi ya kujipima mwenyewe badala ya kuazima matokeo ya wengine.

Kuhusu nusu marathoni na marathoni, siahidi kitu. Mbio ndefu huamuliwa zaidi na wanga, maji na busara ya kilomita za mwanzo.

Hatua ya pili: hakikisha haitakudhuru

Nitrati ya bitiruti hushusha shinikizo la damu. Katika utafiti uliofanywa London mwaka 2008, nusu lita ya juisi ilishusha namba ya juu ya presha ya watu wenye afya njema kwa takriban vipimo 10 ndani ya saa chache. Kwa mwenye shinikizo la kawaida hilo si tatizo, lakini kwa anayemeza dawa za presha, dawa za nitrati za maumivu ya kifua, au dawa za nguvu za kiume za jamii ya sildenafili, mambo mawili yanayoshusha presha yakikutana anaweza kuona kizunguzungu na kuanguka. Huyo azungumze na daktari kwanza. Hali kadhalika mwenye historia ya mawe kwenye figo, kwa kuwa bitiruti ina oksaleti nyingi, kitu kinachoweza kutengeneza mawe hayo, na mwenye ugonjwa wa figo aliyekatazwa vyakula vyenye potasiamu. Mwenye kisukari akumbuke kwamba juisi ni sukari iliyoondolewa nyuzinyuzi.

Watoto wachanga wasipewe juisi hii kabisa, kwa maana nitrati na nitriti zinaweza kuizuia damu yao isibebe oksijeni ipasavyo. Na nitoe onyo moja ambalo nisingelitoa kama nisingesikia swali lenyewe likiulizwa kwenye kundi la wakimbiaji: usitafute nitrati kwenye mbolea, wala usinunue chumvi za nitrati au nitriti za kuhifadhia nyama ili uchanganye na maji. Mbolea ya CAN ni ya mahindi. Chumvi ya nitriti, hata kiasi cha kijiko kimoja cha chai, inaweza kuua.

Hatua ya tatu: chagua umbo, na usome lebo kwa jicho la mfanyabiashara

Kipimo kinachofanya kazi ni miligramu 310 hadi 560 za nitrati kwa mara moja. Wengi huchukua 400 kama lengo la katikati. Mwaka 2013 kundi la Exeter lilijaribu vipimo vitatu, kidogo, cha kati na kikubwa. Kidogo, cha takriban miligramu 260, hakikuongeza muda wa kuvumilia. Cha kati, cha takriban 520, kiliongeza. Na kikubwa, ambacho ni mara mbili ya cha kati, hakikuleta faida zaidi. Kuzidisha, basi, ni kuharibu pesa na kulisumbua tumbo.

Sasa tuangalie madukani. Juisi nzito iliyokolezwa, ile ya vichupa vya mililita 70, ndiyo iliyotumika katika tafiti nyingi, na yenye kuaminika huandika kiasi cha nitrati kwenye lebo, kwa kawaida takriban miligramu 400 kwa kichupa. Ni nzuri, ni ghali, na kwetu hupatikana kwa shida.

Vidonge ndivyo vinavyouzwa zaidi, na ndivyo vyenye udanganyifu mkubwa. Fanya hesabu hii mwenyewe. Gramu 100 za bitiruti mbichi zikikaushwa hubaki gramu 12 au 13 hivi. Tuseme bitiruti hiyo ilikuwa bora sana, yenye miligramu 250 za nitrati. Unga wake utakuwa na nitrati asilimia 2. Kidonge cha miligramu 500 za unga huo kitakuwa na miligramu 10. Ili ufikishe 400 unahitaji kumeza vidonge 40. Lebo inaposema kumeza viwili kwa siku, wewe umenunua rangi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipima maabara bidhaa 24 za bitiruti zilizokuwa sokoni. Kiasi cha nitrati kilitofautiana mno kutoka bidhaa moja hadi nyingine, na ni 5 tu kati yake zilizofikisha mara zote takriban miligramu 310 kwa mlo mmoja. Unga wa kuchanganya na maji unaweza kufaa iwapo kipimo chake ni gramu 20 au zaidi na lebo inataja neno nitrati na namba yake. Lebo isiyotaja namba ya nitrati, irudishe kwenye rafu.

Kwa anayeshindana katika mashindano yanayopima dawa, nitrati haimo katika orodha ya vilivyokatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za michezoni. Hatari iko kwenye virutubisho vya kiwandani vilivyochanganyika na vitu vingine bila kuandikwa, na sheria haimsamehe mwanariadha kwa kusema hakujua. Alama ya TBS au KEBS inakuambia bidhaa imekidhi viwango vya ubora. Haikuambii kwamba imepimwa dawa za michezoni. Bitiruti ya sokoni iliyotoka ardhini haina fumbo hilo, na hii ndiyo sababu mojawapo ninayoipendelea.

Hatua ya nne: kuitengeneza nyumbani

Sehemu hii nitaikalia zaidi, kwa kuwa ndiyo tunayoiweza sote. Chagua bitiruti ngumu, nzito mkononi, zisizonywea, na ikiwezekana zenye majani yake yakiwa bado mabichi, kwani jani lililolegea linakuambia mzizi umekaa siku nyingi. Kiasi cha nitrati kinatofautiana kwa udongo, mbolea, jua na siku tangu kuvunwa. Mzizi mmoja unaweza kuwa na miligramu 100 katika gramu 100 na mwingine ukazidi 250. Kwa kuwa huwezi kuipima jikoni, jilinde kwa kuongeza kiasi: tumia gramu 350 hadi 400, yaani bitiruti 4 za ukubwa wa ngumi ya mtoto. Pima kwa mizani mara ya kwanza. Baada ya hapo macho yatazoea.

Zisugue kwa brashi chini ya maji yanayotiririka hadi mchanga wote utoke, kata kichwa na mkia, na kama ngozi ni laini usiimenye. Zikate vipande vidogo vya ukubwa wa kipande cha sukari guru, maana blenda nyingi za nyumbani huunguza mota zikipewa mapande makubwa. Weka na maji mililita 200, saga dakika 2, mimina kwenye kitambaa safi au chujio la nazi, kisha kamua kwa mikono miwili hadi makapi yawe makavu kama machicha. Usiharakishe hapo. Nitrati huyeyuka kwenye maji, hivyo yale matone ya mwisho yanayotoka kwa shida yana thamani ileile ya ya kwanza. Utapata zaidi kidogo ya mililita 400, na vidole vya rangi ya zambarau ambavyo limau litavisafisha kwa sehemu tu. Kipande cha tangawizi na maji ya limau moja vitaondoa ile ladha ya udongo. Tikiti maji na pasheni havina ubaya, mradi viongezwe juu ya kipimo na visichukue nafasi yake. Juisi nyingi za vibandani ni tikiti lililopakwa rangi. Nilikunywa za namna hiyo kwa miezi miwili nikijihesabia kuwa nimo kwenye programu.

Asiyependa juisi anaweza kuzioka bitiruti zikiwa nzima, au kuzipika kwa mvuke. Mwaka 2012 huko Marekani watu 11 walikula gramu 200 za bitiruti zilizookwa dakika 75 kabla ya kukimbia kilomita 5. Tofauti ya jumla ilikuwa ndogo, kiasi cha kutothibitika kitakwimu, lakini katika takriban kilomita 2 za mwisho walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 5. Usizichemshe kwenye maji mengi na kuyamwaga, kwa sababu utamwaga nitrati kwenye karo. Kwa sababu hiyohiyo mchicha, ambao nao ni tajiri wa nitrati, unapoteza sehemu kubwa ya faida hii kwa wale wenye desturi ya kuuchemsha na kumwaga maji. Uukaange au uupike kwa nazi na mchuzi wake uliwe.

Juisi mbichi inywe papo hapo. Isiachwe mezani. Kwenye joto, bakteria waliomo huanza kuigeuza nitrati kuwa nitriti ndani ya jagi lenyewe, na nitriti nyingi ni sumu. Kama ni lazima utengeneze usiku, iweke kwenye friji mara moja na uinywe asubuhi yake. Kwa wiki nzima, igandishe kwenye vifuko vya kipimo kimoja na uyeyushe kila kimoja ndani ya friji.

Hatua ya tano: linda ulimi wako

Hapa ndipo kosa lisiloonekana linapotokea. Dawa za kusukutua mdomo zinazoua vijidudu huwaua pia wale bakteria wa ulimini, na tafiti tangu mwaka 2008 zimeonyesha kwamba mtu akisukutua kabla ya kupata nitrati, nitriti katika damu yake haipandi kama inavyotakiwa. Nitrati ipo, juisi ilikuwa halali, lakini kiwanda kimefungwa. Wakati wa siku za kunywa bitiruti piga mswaki kwa dawa ya kawaida na achana na ya kusukutua. Kama daktari wa meno amekuandikia, maliza dozi yake kwanza, bitiruti itasubiri. Anayetumia antibiotiki au dawa za kupunguza tindikali tumboni naye asitegemee makubwa.

Jambo la pili wakimbiaji hucheka nikiwaambia. Katika ule utafiti wa London wa 2008, watu walipoagizwa kutema mate yao yote kwa saa 3 baada ya kunywa juisi, nitriti haikupanda na presha haikushuka. Sisi tuna mazoea ya kutematema tangu tunapopasha misuli moto. Katika zile saa 2 au 3 za kungojea, meza.

Hatua ya sita: jipime kabla ya kuamini

Usijaribu bitiruti kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Hili nililijifunza katika mbio moja za kilomita 10: nilikunywa nusu lita nzima nusu saa kabla ya kuanza, na kuanzia kilomita ya tatu nikawa natafuta kichaka badala ya kutafuta kasi. Bitiruti ina wanga ambao tumbo la baadhi yetu haliumeng'enyi vizuri, ukaleta gesi na kuharisha. Anza na nusu ya kipimo siku ya mazoezi mepesi, uone tumbo linasemaje, kisha upande.

Baada ya tumbo kukubali, fanya jaribio lenye utaratibu. Tafuta njia tambarare ya kilomita 5, au uwanja wenye mzunguko wa mita 400 ukimbie mizunguko 12 na nusu. Kimbia kwa nguvu zako zote mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, viatu vilevile, chakula cha jana yake kilekile. Wiki ya kwanza bila bitiruti, ya pili na bitiruti, ya tatu bila, ya nne nayo, hadi ufikishe 3 za kila upande. Andika muda, hali ya hewa na usingizi. Usilinganishe mbio moja na moja, kwani mtu yuleyule hutofautiana kwa asilimia 1 au 2 bila sababu yoyote, na joto la Dar es Salaam la Februari linaweza kumeza sekunde nyingi kuliko ambazo bitiruti inaweza kutoa. Linganisha wastani wa 3 na wastani wa 3.

Nifafanue kwa mfano wa kukadiria. Tuseme bila bitiruti umepata 25:10, 24:58 na 25:16, wastani ni 25:08. Nayo umepata 24:50, 25:02 na 24:44, wastani ni 24:52. Tofauti ni sekunde 16, karibu asilimia 1, na zaidi ya hapo mbio mbili kati ya tatu zimezishinda zote za upande wa pili. Huo ni mwelekeo wa kutia moyo. Lakini kama mojawapo ya siku zako za "bila" ilikuwa ya mvua na upepo, mwelekeo huo umeshachafuka, irudie mbio hiyo. Na kama wastani unalingana, basi wewe ni miongoni mwa wale ambao haiwasaidii, jambo la kawaida kabisa, na pesa hiyo itafaa zaidi kwenye viatu.

Hatua ya saba: wiki ya mashindano

Kwa juhudi ya siku moja, kipimo kimoja saa 2 na nusu kabla ya kuanza kinatosha. Waliozoezwa zaidi hushauriwa kukitumia kila siku kwa zaidi ya siku 3 zinazoishia siku ya mashindano. Tuchukue mfano wa mbio za Jumapili, kama zile za Kilimanjaro Marathon kule Moshi, tuseme kundi lako linaanza saa 12 na nusu asubuhi. Kunywa kipimo kimoja Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kila siku saa ya jioni unayoweza kuikumbuka. Jumapili amka saa 10 alfajiri, unywe juisi yako yenye miligramu 400 hivi, ule mkate au viazi ulivyovizoea, kisha urudi kujilaza. Kahawa haikatazwi kama umeizoea, ila usitegemee kwamba faida za viwili hivi zitajumlishwa. Ukikaa hotelini, safiri na juisi iliyogandishwa ndani ya kiboksi chenye barafu, au panga na mwenyeji wako mapema. Kusaga bitiruti saa 10 alfajiri katika nyumba ya wageni hakutakupatia marafiki.

Baada ya mbio, acha. Kiwango cha nitrati ambacho wataalamu wa usalama wa chakula wamekikubali kwa matumizi ya kila siku ya maisha yote ni miligramu 3.7 kwa kila kilo ya mwili, yaani 222 kwa mtu wa kilo 60, na kipimo cha mkimbiaji kinakizidi. Nitrati ya mboga haina sifa mbaya kama ile ya nyama za kopo, kwani mboga huja na vitamini C na vingine vinavyozuia misombo yenye madhara isitengenezwe tumboni. Hata hivyo sioni sababu ya mtu kunywa kipimo cha mashindano kila siku ya mwaka. Katika siku za kawaida, mboga za majani mezani zinatosha.

Mwisho ni habari ya chooni. Kwa mtu mmoja hivi kati ya kumi, mkojo huwa wa waridi au mwekundu baada ya kula bitiruti, na kwa wengi zaidi choo kikubwa hubadilika rangi. Haina madhara na huisha ndani ya siku moja au mbili. Ila mkimbiaji aliyemaliza mbio ndefu kwenye jua ana sababu nyingine mbili za mkojo kubadilika: damu yenyewe, na misuli iliyoharibika ikamwaga vitu vyake kwenye figo, ambapo mkojo huwa wa kahawia kama soda nyeusi na misuli huuma na kuvimba kupita kawaida. Ukiona rangi ya soda, au wekundu ukiendelea baada ya siku mbili tangu glasi ya mwisho, nenda hospitali, na mweleze daktari siku na saa uliyokunywa bitiruti.